Jiji linapoomba ruzuku ya usalama wa barabara na watembea kwa miguu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wahandisi, wapangaji, maofisa fedha na madiwani wa majiji yanayotayarisha maombi ya ruzuku kwa ajili ya vivuko, njia za miguu, makutano na hatua nyingine za kupunguza vifo barabarani. Soma swali linalokuhusu na uruke mengine, ila yale ya takwimu na mwendokasi yapitie yote, kwa sababu maombi mengi huangukia hapo.

Ruzuku ya usalama barabarani ina tofauti gani na fedha za kawaida za barabara?

Fedha za kawaida hutolewa ili magari yapite: lami, madaraja, mashimo yazibwe. Ruzuku ya usalama hutolewa ili watu wasife wala kupata ulemavu. Anayesoma maombi yenu atauliza jambo moja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho: kitu hiki kitapunguza vifo na majeraha makubwa kwa njia gani, mahali gani? Jiji linaloomba kuwekewa lami kilomita nne za barabara, kisha likaongeza aya moja kuhusu usalama, hugundulika upesi. Tena lami mpya bila kingine huongeza mwendo wa magari, na mwendo ukiongezeka vifo huongezeka.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na ajali hizi ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Zitajeni takwimu hizi kwa sentensi moja tu. Mfadhili anazijua. Anachotaka kujua ni za kwenu.

Ni nani hutoa fedha hizi?

Kwa kawaida ni serikali kuu, benki za maendeleo, mifuko ya kimataifa na taasisi za hisani. Kila mmoja ana mlango wake. Mfuko wa Usalama Barabarani wa Umoja wa Mataifa ulianzishwa mwaka 2018, na miradi yake hupitia mashirika ya Umoja wa Mataifa na wabia wao, kwa hiyo jiji huingia kama mshirika. Benki ya Dunia ina kitengo chake cha usalama barabarani tangu 2006, na mara nyingi fedha za vivuko na njia za miguu hupatikana kama sehemu ya mkopo mkubwa wa usafiri mjini. Bloomberg Philanthropies, taasisi ya hisani ya Marekani, husaidia majiji zaidi kwa wataalamu na takwimu kuliko kwa saruji. Marekani, sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa miaka mitano, kuanzia 2022 hadi 2026, kwa ajili ya majiji, kaunti na jamii za asili, na humo kuna mafungu mawili: la kupanga na kujaribisha, na la kujenga.

Mgawanyo huo wa mafungu mawili mtaukuta hata kwingine, na ndio unaozaa swali linalofuata.

Tuombe fedha za kupanga au za kujenga?

Jiulizeni mambo matatu. Je, mna mpango wa usalama ulioandikwa, unaoonyesha ajali zinatokea wapi na kwa nini? Je, baraza la jiji limeupitisha, pamoja na lengo lenye mwaka? Je, mna michoro ya angalau hatua ya awali kwa maeneo mnayotaka kujenga? Jibu likiwa hapana kwa la kwanza au la pili, ombeni fedha za kupanga. Kuomba fedha za ujenzi bila mpango ni kupoteza mwaka mzima, na baadhi ya wafadhili hawawezi kuyasoma maombi hayo kisheria.

Likiwa hapana kwa la tatu tu, kuna njia ya kati ambayo majiji huisahau: majaribio ya muda. Mnapaka rangi, mnaweka nguzo za plastiki na vizuizi vya kuhamishika, mnapunguza upana wa makutano kwa miezi mitatu hadi sita, mnapima mwendo kabla na baada. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na zege, na matokeo yake huwa ushahidi katika maombi ya awamu inayofuata. Kitu kikikosewa, kinahamishwa usiku mmoja.

Takwimu zipi zinahitajika?

Angalau miaka mitatu ya ajali, na mitano ni bora. Kwa kila ajali mnahitaji tarehe, saa, mahali kamili (nukta ya ramani, si jina la mtaa), aina ya watumiaji waliohusika, ukubwa wa majeraha, hali ya mwanga na hali ya barabara. Elezeni maana mliyotumia ya kifo cha barabarani. Inayokubalika kimataifa ni mtu aliyefariki ndani ya siku 30 baada ya ajali. Jiji linalohesabu waliofia papo hapo peke yao hujipunja, maana linaonekana salama kuliko lilivyo.

Tenganisheni vifo na majeraha makubwa na ajali za kukwaruzana mabati. Makutano yanayoongoza kwa idadi ya ajali zote mara nyingi ni yale yenye msongamano, ambako magari hugongana polepole. Barabara inayoua huwa nyingine kabisa: pana, iliyonyooka, yenye mwanga hafifu, yenye vituo vya mabasi upande mmoja na makazi upande wa pili.

Baada ya hapo ongezeni vipimo vitatu vya barabarani.

Kwanza, hesabu ya watembea kwa miguu na magari kwa saa 12 mfululizo, siku mbili za kazi na siku moja yenye shughuli nyingi. Hesabuni pia wanaovuka nje ya kivuko, na wapi. Njia wanayoichagua watu kwa miguu yao ndiyo inayoonyesha kivuko kilipaswa kuwa wapi.

Pili, mwendo wa magari. Pimeni magari yasiyopungua 100, na heri 200, yanayokwenda bila kuzuiwa na foleni. Andikeni wastani, na pia mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayauzidi. Anayepima asionekane na asivae sare. Dereva akiona koti la kung'aa hupunguza mwendo na vipimo vinakuwa vya uongo.

Tatu, ukaguzi wa barabara kwa miguu, mchana na usiku. Kipimo cha nyota moja hadi tano kinachotumiwa na iRAP, shirika la kimataifa la kutathmini usalama wa barabara, kinakubalika na wafadhili wengi, na uzuri wake ni kwamba kinapima hatari ya barabara yenyewe hata pale kumbukumbu za ajali zilipo chache.

Kumbukumbu za polisi hazina mahali kamili, na ajali nyingi haziripotiwi. Tufanyeje?

Msizifiche pengo hizo. Zielezeni na muonyeshe mlivyoziziba. Chukueni daftari la wagonjwa wa dharura hospitalini na la chumba cha maiti, linganisheni na la polisi kwa tarehe, umri na jinsia. Majina yaondolewe kabla takwimu hazijatoka hospitalini, na makubaliano ya kufanya hivyo yaandikwe. Kwa kawaida hospitali huwa na majeruhi wengi kuliko polisi, hasa watembea kwa miguu na wa baiskeli walioanguka peke yao au waliogongwa na gari lililokimbia.

Kwa mahali, kaeni na askari wa usalama barabarani, madereva wa magari ya wagonjwa na viongozi wa mitaa mbele ya ramani kubwa, kesi kwa kesi. Ni kazi ya siku kadhaa na inachosha. Hakuna programu inayoweza kuifanya badala yenu pale ripoti ilipoandika tu "karibu na sokoni".

Kwa nini tusichague mahali palipotokea ajali mbaya mwaka jana?

Kwa sababu mwaka mmoja unadanganya. Mahali palipokuwa na vifo vinne mwaka jana huenda ni hapo hapo palipokuwa na kimoja kwa miaka minne iliyotangulia, na mwaka ujao patarudi kwenye kimoja hata msipofanya lolote. Mkijenga hapo, mtadhani kivuko kimeokoa watu watatu. Mtathmini makini ataliona hilo na kupunguza alama. Tumieni wastani wa miaka mitano, kisha linganisheni maeneo yanayofanana.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi. Katika majiji mengi vifo havirundikani kwenye nukta moja. Vimetapakaa kwenye aina moja ya barabara. Ikiwa sehemu kubwa ya watembea kwa miguu wenu hufa kwenye barabara za njia nne zisizo na kisiwa cha katikati (mahali pa kusimama anayevuka, kati ya pande mbili za magari), ombeni kurekebisha aina hiyo, barabara kwa barabara, kabla mahali pengine pa namna hiyo hapajaua.

Mbona kila mfadhili anauliza kuhusu mwendokasi?

Kwa sababu mwendo ndio huamua kama ajali itatokea, na ikitokea kama mtu ataamka. Shirika la Afya Duniani hutumia kanuni hii: wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kifo hupanda kwa takriban asilimia 4. Azimio la Stockholm, la mkutano wa dunia wa mawaziri kuhusu usalama barabarani wa Februari 2020, liliomba kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali watembea kwa miguu na magari wanapochanganyikana, isipokuwa kuwe na ushahidi kwamba mwendo mkubwa zaidi ni salama.

Hesabu ifuatayo inafaa kuwekwa kwenye maombi, kwa kuwa diwani na mhandisi wote wanaielewa. Chukulia dereva anachelewa sekunde moja na nusu kabla ya kukanyaga breki, na barabara ni kavu. Kwa kilomita 30 kwa saa, gari hutembea mita 12 na nusu kabla ya breki, kisha takriban mita 5 hadi kusimama: jumla mita 17 na nusu. Kwa kilomita 50, gari hutembea karibu mita 21 kabla breki haijaanza kushika, na jumla ni kama mita 35. Mtoto akitokea mita 20 mbele, gari la kwanza limeshasimama. La pili linamgonga bila kupunguza mwendo hata kidogo.

Kubadilisha kibao peke yake hakutoshi. Barabara yenye njia za upana wa mita 3.65 humwambia dereva akimbie, kibao kiseme kitakavyo. Onyesheni umbo la barabara litakavyobadilika.

Ni maboresho gani yenye nguvu kwenye maombi?

Yale yanayopunguza mwendo, yanayofupisha umbali wa kuvuka na yanayotenganisha mwili na gari. Vipimo vifuatavyo ni vya kuanzia. Miongozo ya nchi yenu ikisema vingine, fuateni hiyo.

Kivuko kilichoinuliwa kina kimo cha sentimita 7.5 hadi 10, sehemu bapa isiyopungua mita 3, na miteremko inayopitika na mabasi. Kosa la kawaida ni maji: ukiinua barabara kutoka ukingo hadi ukingo umeziba mfereji, na mvua ya kwanza hufanya dimbwi mahali pale pale mtu anaposimama kusubiri. Mchoro uonyeshe bomba au mfereji wenye kifuniko pembeni, na gharama yake iwe kwenye bajeti.

Kisiwa cha katikati kiwe na upana wa angalau mita 2, ili mtu mwenye baiskeli, kigari cha mtoto au kiti cha magurudumu akae ndani bila kutokeza. Kinamwezesha mtu kushughulika na upande mmoja wa magari kwa wakati. Kwenye barabara za njia nne, hii ndiyo hatua ambayo tungeiweka mbele ya nyingine zote. Lakini kisiwa bila kuinua kivuko au kupunguza njia kinaacha hatari moja: gari la njia ya kwanza linasimama, la njia ya pili halimwoni anayevuka, linampitia. Sogezeni mstari wa kusimama magari nyuma, mita 6 na kuendelea kabla ya kivuko, ili mtu aonekane.

Njia za magari za mita 3 zinatosha mjini. Kwenye njia za mabasi ongezeni kidogo. Nafasi inayobaki ndiyo inayozaa njia ya miguu, na hili ni jambo la kusisitiza kwa sababu halihitaji kuchukua ardhi ya mtu. Kona za makutano zipunguzwe hadi mzingo wa mita 3 hadi 5 pale malori makubwa yasipopita, maana kona pana hufanya gari likate bila kupunguza mwendo. Maegesho yazuiwe angalau mita 5 hadi 6 kabla ya kivuko kwa nguzo au upanuzi wa ukingo. Rangi ya kukataza tu haizuii mtu kuegesha.

Njia ya miguu iwe na upana ulio wazi wa mita 1.8, yaani baada ya kuondoa nguzo za umeme, miti na meza za biashara. Miteremko ya kushukia barabarani isizidi 1 kwa 12, iwe na vigae vya kugusa kwa wasioona. Nguzo za kuzuia magari zisikae karibu kiasi cha kukizuia kiti cha magurudumu wala mbali kiasi cha kuruhusu gari, mita 1.2 hadi 1.5 hufanya kazi.

Taa za kuongoza magari ziwape watembea kwa miguu muda unaotosha. Barabara ya mita 14 kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde ni kama sekunde 12, lakini mzee anayekwenda mita 0.9 anahitaji karibu 16. Karibu na hospitali na shule tumieni mwendo wa chini. Kuwaanzishia watembea kwa miguu sekunde 3 hadi 7 kabla magari hayajapewa kijani ni badiliko la kuweka tu kwenye kisanduku cha taa, ila huwafanya waonekane katikati ya kivuko kabla dereva hajaanza kukata kona.

Taa za mwanga zikae kabla ya kivuko, upande gari linakotokea. Taa iliyo nyuma ya mtu humfanya kivuli cheusi. Ya mbele yake humwonyesha uso na nguo. Nguzo ileile, gharama ileile, ila imesogezwa mita chache.

Vipi kuhusu daraja la juu la watembea kwa miguu?

Mara nyingi jibu letu ni hapana, na wafadhili wengi siku hizi ni hivyo hivyo. Daraja lililo mita 6 juu ya barabara linahitaji mteremko wa mita 72 kila upande ukifuata 1 kwa 12, kabla hujahesabu sehemu bapa za kupumzikia. Mtu aliyetaka kuvuka mita 14 anatembezwa zaidi ya mita 150. Watu huliacha na kupita chini, kisha wanalaumiwa wakigongwa. Ngazi tupu huwafungia nje wenye ulemavu, wazee na wabeba mizigo, usiku huogopesha. Daraja lina nafasi yake kwenye barabara kuu ya mwendo kasi isiyoweza kupunguzwa, au mahali ambapo ardhi yenyewe imeinuka pande zote mbili. Ndani ya mji, kivuko cha ardhini chenye taa au kilichoinuliwa kinatumika zaidi na ni rahisi zaidi.

Bajeti tuipange vipi?

Kwa kila eneo, si kwa mradi mzima kwa jumla. Tenganisheni upimaji, usanifu wa kina, ukaguzi wa usalama wa michoro, uhamishaji wa nyaya na mabomba, ujenzi, alama na vibao, usimamizi wa magari wakati wa ujenzi, usimamizi wa mkandarasi, na tathmini ya baada ya ujenzi. Akiba ya dharura iwe asilimia 10 hadi 15, na ongezeni kupanda kwa bei hadi mwaka wa ujenzi, siyo bei za leo.

Kinacholipua bajeti mara nyingi ni vilivyo chini ya ardhi. Mnasogeza ukingo mita moja na nusu, mnakuta bomba kuu la maji au nyaya za mawasiliano ambazo hazimo kwenye mchoro wowote. Chimbeni mashimo madogo ya majaribio kwenye maeneo makubwa kabla ya kuwasilisha, na pateni barua za mashirika ya maji, umeme na simu zinazosema nani atalipa kuhamisha.

Mchango wa jiji unahesabiwaje?

Someni neno kwa neno: ni asilimia ya gharama yote, au ya ruzuku? Mfadhili akisema jiji lichangie asilimia 20 ya gharama yote na mnaomba 800,000, mchango wenu ni 200,000, kwa sababu jumla ni 1,000,000. Maofisa wengi huandika 160,000, na maombi yanarudishwa au mbaya zaidi yanapita na jiji linajikuta na pengo.

Michango isiyo ya fedha, kama muda wa wahandisi au ardhi, hukubaliwa na baadhi tu, na huhitaji ushahidi: karatasi za saa za kazi, tathmini ya mthamini. Fedha ambazo zimeshatumika kabla ya mkataba kwa kawaida hazihesabiwi. Azimio la baraza linalothibitisha mchango liambatanishwe likiwa limesainiwa. Barua ya "tunatarajia kutenga" haina uzito.

Faida ya mradi tunaihesabuje kwa fedha?

Ikiwa nchi yenu ina thamani rasmi ya kuzuia kifo na jeraha, tumieni hiyo. Ikiwa haina, kanuni ya iRAP inafahamika: kifo kimoja ni mara 70 ya pato la taifa kwa kila mtu, na jeraha kubwa ni robo ya hapo.

Mfano. Barabara yenye vifo 5 na majeraha makubwa 20 kwa miaka mitano ina kifo 1 na majeraha 4 kwa mwaka, sawa na vifo 2 kwa thamani. Hatua zenu zikipunguza asilimia 40, mnaokoa 0.8 kila mwaka, yaani mara 56 ya pato kwa kila mtu. Zidisheni kwa maisha ya mradi, punguzeni thamani ya miaka ijayo kwa kiwango anachokitaka mfadhili, kisha gawanyeni kwa gharama pamoja na matengenezo.

Msijumlishe asilimia za hatua mbili. Moja ikipunguza 30 na nyingine 40, jibu si 70. Zinabaki 0.7 mara 0.6, yaani asilimia 42 ya ajali, hivyo upungufu ni 58. Kosa hili moja humfanya mtathmini atilie shaka hesabu zote zilizobaki.

Barabara yenye vifo vingi si ya jiji, ni ya wakala wa kitaifa. Tunaweza kuiombea?

Ndiyo, mkiwa na makubaliano ya maandishi kabla ya kuwasilisha. Yaseme nani anamiliki, nani anaidhinisha michoro, nani anatangaza zabuni, na nani atatengeneza taa na kupaka alama upya mradi ukiisha. Anzeni mazungumzo miezi sita mapema. Wahandisi wa barabara kuu hutumia viwango vya barabara kuu, na mjadala wa kutoka njia za mita 3.65 hadi 3 hauishi kwa kikao kimoja. Msiruke barabara hizi kwa sababu ni ngumu. Mara nyingi ndiko watu wanakofia.

Tuwashirikishe wananchi kwa kiasi gani?

Kiasi cha kubadilisha mchoro. Orodha ya mahudhurio na picha za mkutano hazitoshi. Andikeni watu walisema nini na nini kilibadilika kwa sababu hiyo. Tembeeni barabara pamoja na wenye ulemavu, walimu wakuu, madereva wa mabasi na wa pikipiki, na wafanyabiashara ndogondogo. Hawa wa mwisho wana jambo la pekee: njia ya miguu mpya inaweza kuwaondoa kwenye riziki yao. Mfadhili wa kimataifa atadai mpango wa kuwahamisha au kuwafidia, na jiji likiwafukuza usiku kabla ya ujenzi, fedha zinaweza kusimamishwa. Ni busara, na ni haki, kuwachorea nafasi ndani ya usanifu tangu mwanzo, pembeni ya ule upana wa mita 1.8.

Maombi huchukua muda gani kuandaa?

Miezi minne hadi sita kama takwimu zipo, mwaka kama hazipo. Wiki mbili za mwisho ziachieni saini, usajili kwenye mifumo ya mfadhili na kupakia nyaraka. Usajili huo huweza kuchukua wiki kadhaa peke yake, na ndio unaowaangusha wengi waliokuwa na maombi mazuri. Mpeni mtu mmoja jukumu la kuwa mmiliki wa andiko lote, na mwingine ambaye hajashiriki alisome akiwa na fomu ya alama ya mfadhili mkononi.

Kwa nini maombi mazuri hukataliwa?

Sababu zinazojirudia: ramani ya ajali inaonyesha upande mmoja wa jiji, fedha zinaombwa kwa upande mwingine, bajeti na simulizi hazikubaliani idadi ya vivuko, hatua hazilingani na chanzo (watu wanagongwa usiku, mnaomba kupaka rangi bila taa), hakuna anayetajwa kulipia matengenezo, lengo halina mwaka wala kianzio. Na kuna ile ya kuomba kila kitu. Vivuko 12 kwenye barabara tatu zinazoua ni hoja. Vivuko 60 vilivyogawanywa sawa kwa kila kata ni siasa, na mtathmini huona.

Tukikosa?

Ombeni maoni ya watathmini kwa maandishi na muulize alama kwa kila kigezo. Boresheni kilichopungua, rudini awamu ijayo. Wakati huo msisimame: muda wa taa, kuzuia maegesho kwenye kona na majaribio ya rangi vinaweza kufanyika kwa bajeti ya matengenezo ya kawaida.

Tukipata, nini hufuata?

Mkataba kwanza, kazi baadaye. Gharama iliyoingiwa kabla ya mkataba kusainiwa huwa hairejeshwi. Ruzuku nyingi hulipa kwa kurejesha: jiji linamlipa mkandarasi, linawasilisha ankara, vipimo vya kazi na uthibitisho wa malipo, kisha linarudishiwa. Mweka hazina ahakikishe kuna fedha za kubeba miezi miwili hadi mitatu ya malipo, la sivyo mkandarasi huacha kazi na mashimo yakiwa wazi, jambo ambalo kwa mtembea kwa miguu ni baya kuliko hali ya mwanzo. Zabuni idai njia salama ya muda ya kupita watu kila siku ya ujenzi, na iwe kipengele kinacholipwa chenye bei yake, kwa sababu kisicho na bei hakifanywi.

Ukaguzi huru wa usalama ufanyike kwenye michoro, kabla ya kufungua barabara, na miezi michache baada ya kufungua. Mkaguzi asiwe aliyesanifu.

Tutaonyeshaje kwamba imefanya kazi?

Vifo ni vichache mno kupima kwa mwaka mmoja kwenye eneo dogo, kwa hiyo pimeni pia vinavyobadilika haraka: mwendo wa magari 85 kati ya 100, asilimia ya madereva wanaosimama mtu anapokanyaga kivuko, asilimia ya wanaovukia kivukoni, na idadi ya wanaotembea. Rudieni kwa vifaa vilevile, saa zilezile, miezi mitatu na mwaka mmoja baada ya kufungua. Wekeni barabara mbili zinazofanana ambazo hazikujengwa, mzipime pia, ili mjue mabadiliko yametokana na mradi na si bei ya mafuta au likizo za shule. Ajali zilinganisheni kwa miaka mitatu kabla na mitatu baada. Alama za kivuko zikifutika ndani ya kipindi hicho, andikeni tarehe zilipofutika na zilipopakwa upya, maana bila tarehe hizo haiwezekani kujua kama ni kivuko kilichoshindwa au ni matengenezo yake.